Gwaride Lililomwamkia Bibi Hadija

Mtu wa kwanza kuniletea hadithi ya upelelezi nimsomee alinikuta shambani, nimeinama kwenye maharage, suruali nimeikunja hadi magotini. Alikuwa Neema, binti wa jirani yangu, aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani kungoja ajira. Alisimama pembeni ya tuta, akasema, "Shikamoo babu," akangoja niitikie, ndipo akachomoa daftari nene kwenye mfuko.

"Babu, wewe ulikuwa kachero. Nimeandika kitabu. Nisomee uniambie kama ni kweli."

"Kama ni kweli, si hadithi."

"Basi uniambie kama inafanana na kweli."

Nilimaliza kulisoma siku ya pili. Binti ana kipaji. Ana maiti kwenye ukurasa wa kwanza na mjane anayelia kwa jicho moja. Lakini kachero wake, anayeitwa Radi, anapigiwa simu na kufika kwenye tukio baada ya dakika nne. Nikaandika pembeni kwa penseli: "Kutoka wapi?" Mbele kidogo, majibu ya alama za vidole yanatoka kabla chai ya Radi haijapoa. Nikaandika: "Chai ya moto sana hii." Mbele zaidi, shahidi anasimamishwa nyuma ya kioo cheusi, anatazama watu watano mara moja tu, ananyoosha kidole na kusema, "Ni yule!" Hapo sikuandika kitu. Niliweka penseli chini, nikacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kulikoni.

Tangu Neema, wamekuja wengine. Mmoja alitoka Rangwi kwa miguu na kurasa mia mbili begani. Nimechoka kurudia maneno yaleyale, kwa hiyo nawaandikia wote kwa pamoja, ninyi vijana mnaotunga hadithi za polisi. Mimi si mtunzi. Nilikuwa askari wa upelelezi katika kituo kidogo cha milimani, ambacho sitakitaja jina kwa sababu mambo mengine nitakayosema hayanipendezi mimi mwenyewe.

Tuanze na dakika nne. Kituo chetu kilikuwa na gari moja, na siku yoyote uliyolihitaji lilikuwa limeshuka Lushoto mjini na mahabusu. Kwa hiyo kachero wa milimani ni mtu wa miguu. Ukiambiwa tukio liko "hapo ng'ambo," unaiona nyumba yenyewe kwa macho yako, moshi unatoka paani, kuku wanatembea uani. Ila kati yako na kuku hao kuna bonde. Unashuka saa nzima, unavuka kijito, unapanda saa nyingine, na kila unayekutana naye njiani lazima umwamkie au akuamkie, na baada ya salamu lazima mjuliane hali. Ukifika, kila mtu kijijini anajua unamfuata nani, pamoja na huyo unayemfuata.

Mkitaka msomaji awaamini, mtembezeni kachero wenu. Mchosheni. Mpeni matope.

Nami niliwahi kudhani kazi hii ni ya kwenye sinema. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa kumleta mwizi wa mbuzi kutoka upande wa Mlola. Nilikuwa nimeona mahali fulani kwamba askari hodari hujifunga pingu mkono mmoja na mtuhumiwa. Nikajifunga. Funguo zilikuwa kituoni, kwenye droo. Njiani tukapita penye msiba. Huku kwetu mtu hapiti msiba kama anapita duka. Tuliingia, tukaketi kwenye mkeka, tukatoa pole, tumefungwa pamoja kama mbuzi wawili wa mnada. Mwizi wangu alikuwa ndugu wa marehemu kwa upande wa mama, kwa hiyo yeye alipewa nafasi ya mbele, nami nikavutwa hadi huko. Wali ulipoletwa, mkono uliofungwa ulikuwa wangu wa kulia. Nilikula kwa kushoto mbele za watu wazima, na mwizi ndiye aliyeniombea radhi: "Msamehe, afande hana jinsi."

Ukiniuliza nilijifunza nini, nitakwambia: pingu bila ufunguo ni bangili.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Koplo Mndolwa, mzee wa kaunta. Kwenye hadithi zenu kaunta haipo kabisa, mnaruka moja kwa moja kwa kachero. Kosa kubwa hilo. Kila kesi huzaliwa kaunta, mbele ya mtu aliyechoka mwenye kalamu ya mkopo. Mlalamikaji anafika, hasemi "nimeibiwa." Anaanza na safari yake, mvua iliyomnyeshea, kisha jirani yake aliyemshauri asije. Ukimkatiza, anaanza upya. Mndolwa hakumkatiza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaandika, na alipoandika aliandika maneno ya mtu kama yalivyotoka kinywani. Wengi walizungumza Kishambaa, naye aliwageuzia kwa Kiswahili taratibu, sentensi baada ya sentensi, kisha akawasomea yote wasikie kama ni yao kabla ya kuweka dole gumba.

Mimi nilikuwa na haraka, na nilikuwa nimesoma kidogo, kwa hiyo niliandika kwa lugha ya ofisi. Mwanamke alisema, "Aliingia jikoni akanikuta nachambua mboga." Mimi nikaandika, "Mtuhumiwa aliingia kwenye eneo la tukio." Mndolwa alinirudishia karatasi.

"Huyu mama amesema eneo la tukio?"

"Maana yake ni hiyohiyo, afande."

"Yeye ana jiko. Wewe una eneo la tukio. Wakili atakapomuuliza mahakamani, 'Mama, eneo la tukio ni nini?' atasema hajui, na kesi imekwisha. Kalamu yako isijue zaidi ya shahidi."

Sentensi hiyo ya mwisho iandikeni mahali. Mimi niliifuata bila kuipenda, na ndiyo iliyokuja kumwokoa mtu.

Mtu huyo aliitwa Salehe. Nawasimulia habari yake kwa sababu ya kile kioo cheusi cha Neema.

Ulikuwa msimu wa mapeasi. Bibi Hadija, mjane aliyeishi peke yake na kushona sare za watoto wa shule, alifika kaunta akiwa amevaa kanga mbili na kiatu kimoja kimekatika. Alisema kijana mmoja alikuja kwake mchana, amevaa sweta la bluu, amebeba tenga la mapeasi begani. Aliomba maji ya kunywa. Bibi akampa chai. Kisha Bibi akatoka nyuma ya nyumba kumwita jirani, na aliporudi hakukuta kijana, hakukuta tenga, na cherehani yake ilikuwa imebaki miguu tu. Kichwa cha cherehani kilikuwa kimeondoka, bila shaka chini ya mapeasi.

Nilikuwa nimeshaandika "sweta la bluu, tenga" na kufunga kalamu. Mndolwa akaninong'oneza, "Mzee bado anasema."

Kweli, alikuwa bado anasema. "Kijana mwenyewe alikuwa na adabu, ndiyo inaniuma. Aliniamkia mlangoni. Akaniamkia tena nilipompa kikombe. Hata wanangu hawaniamkii mara mbili."

Niliyaandika hayo kwa kinyongo. Hayakunisaidia kumtafuta mtu, lakini Mndolwa alikuwa anatazama mkono wangu.

Siku ya gulio nikaenda sokoni kumtafuta mwizi, nikiwa na akili ya Kachero Radi kabisa. Ndani ya robo saa nikamwona kijana mwenye sweta la bluu na tenga la mapeasi. Nikamkamata; huyo ndiye Salehe. Leo naona aibu kuandika hivi. Milimani, kwenye baridi, kila kijana ana sweta. Msimu wa mapeasi, kila kijana ana tenga. Ningeweza kukamata gulio zima nikabaki na wauza chumvi.

Tukamwaga mapeasi, hakukuwa na cherehani. Nikasema ameshaiuza. Tenga na mapeasi yake yakaandikwa kuwa kielelezo, yakafungiwa stoo. Salehe akaandika maelezo yake: siku hiyo ya wizi alikuwa shambani peke yake, hakuna aliyemwona. Kesho yake akapata dhamana, kwa masharti asikaribie kabisa upande anakokaa Bibi Hadija, maana shahidi hatakiwi kumwona mtuhumiwa kabla ya gwaride la utambulisho, ambapo humgusa kwa mkono anayemtambua.

Dhamana ilimtoa kituoni, haikumtoa midomoni mwa watu. Salehe alikuwa aoe Jumamosi ya wiki iliyofuata, binti anayeitwa Zuhura. Kila asubuhi, kabla hatujamaliza kufagia, mjomba wa Zuhura alikuwa amesimama kaunta. Mzee Shechambo, kofia mkononi, sauti ya mtu wa kuuliza bei.

"Afande, ni mwizi au si mwizi?"

"Mzee, uchunguzi unaendelea."

"Sufuria tumeshaazima kwa majirani. Nizirudishe au nisizirudishe?"

"Siwezi kukwambia hilo."

"Sikuulizi habari za serikali. Nakuuliza sufuria."

Akaondoka. Kesho yake akarudi na swali lilelile. Siku ya tatu aliongeza: "Dada yangu, mama wa bibi harusi, amesema akisikia Ijumaa kijana ameguswa, hakuna ndoa. Akisikia hajaguswa, bado atafikiri." Kwa hiyo kila mtu alijua kinachongojewa. Gwaride lilipangwa Ijumaa. Bibi Hadija akimgusa Salehe, kijana anakwenda mahakamani, na Zuhura haolewi naye.

Sasa nisikilizeni, ninyi wa vioo vyeusi. Gwaride letu lilikuwa hivi. Mpelelezi wa kesi haruhusiwi kuliendesha. Anaweza kuwepo, lakini hana kauli. Kwa hiyo tuliombewa mkaguzi kutoka kituo kingine, mtu wa pwani, mtaratibu, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Mtuhumiwa husimama na watu wengine wanane au zaidi, wanaofanana naye kwa umri na umbo. Yeye mwenyewe huchagua asimame wapi. Shahidi huletwa baadaye, hupita mbele yao karibu kabisa, na akimtambua mtu humgusa. Humgusa kwa mkono. Hakuna kioo, kuna mkono wa bibi kizee kwenye kifua chako.

Na wale wanane mnawatoa wapi? Katika vitabu wanatokea tu. Mimi ndiye niliyetumwa kuwatafuta, na ilinichukua asubuhi nzima.

"Afande, na bibi akinigusa mimi?" aliuliza wa kwanza, kinyozi.

"Hutashtakiwa. Inajulikana wewe si mtuhumiwa."

"Inajulikana kwako. Mke wangu je?"

Mwingine alikubali, halafu akakumbuka ana jino linauma. Mwingine alitaka asimame mwisho kabisa, "pale ambapo bibi atakuwa ameshachoka." Nilipata wanane hatimaye, wote wenye masweta. Hakuna aliyekubali kulivua kwa sababu ya baridi, kwa hiyo tukaamua wote wabaki nayo, na Salehe akaazimwa la kahawia ili la bluu lisimuuze.

Nikawapanga nyuma ya kituo, kwenye uwanja wa nyasi. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Mkaguzi alikuwa bado ofisini akijaza fomu. Mimi, niliyekuwa sina kauli, nikawapa amri watu tisa: "Simameni wima. Msicheke. Msiseme neno lolote, hata moja. Atakayefungua kinywa atanijua mimi ni nani."

Mkaguzi akaja. Akamuuliza Salehe anataka nafasi ipi. Salehe akaonyesha ya saba kwa kidole, hakusema. Nilifurahi kuona anavyotii.

Bibi Hadija akaletwa na Mndolwa kutoka upande wa mbele. Siku hiyo viatu vyote viwili vilikuwa vizima. Mkaguzi akamweleza kwa ile lugha yake nzuri: "Mama, mtu unayemlalamikia anaweza kuwemo katika mstari huu na anaweza asiwemo. Pita taratibu. Ukimwona mtuhumiwa, mguse."

"Nimguse mtuhumiwa," alirudia Bibi.

"Ndiyo, mama."

Akasogea hadi kwa wa kwanza, kinyozi. Akasimama. Kinyozi akatazama mbele. Bibi akatazama mstari mzima, watu tisa wazima waliofunga vinywa mbele ya mtu wa umri wa bibi yao. Uso wake ukabadilika. Nilidhani ametambua mtu. Kumbe alikuwa anangoja.

Kinyozi hakuweza. Nilimwona shingo ikimcheza. "Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba, baba. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo."

Bibi akaenda kwa wa pili. "Shikamoo bibi." "Marahaba." Wa tatu akamwamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi, bibi," na Bibi akafurahi, akamuuliza ni wa ukoo gani, ikaonekana anamfahamu babu yake. Wa nne, shikamoo. Wa tano, shikamoo. Wa sita alikuwa ameshaanza kuinama kabla hajafikiwa, na wa nane na wa tisa wakaamkia kutoka hukohuko bila kungoja zamu. Mimi pembeni nilikuwa nawatolea macho, lakini nani ananitazama?

Akafika kwa Salehe. Salehe alikuwa amesimama kama nguzo ya simu. Jasho linamtoka kwenye baridi. Hakusema kitu.

Bibi akangoja. Akasogea karibu. Akainua kidevu ili amwone vizuri. Hakuna neno.

Akanyoosha mkono, akamgusa kifuani, akasema kwa sauti, "Huyu."

Nyuma ya uzio nikasikia sauti ya Mzee Shechambo: "Basi, sufuria zirudi."

Ningewaambia kwamba nilijisikia vibaya pale pale, lakini kweli ni kwamba nilifurahi. Sweta langu la bluu lilikuwa limeshinda. Mkaguzi alichukua kalamu kujaza, na kwa utaratibu akauliza, "Mama, unamtambua kwa nini?"

"Hana adabu."

Mkaguzi akaacha kalamu hewani. "Naomba useme tena."

"Wote wameniamkia. Huyu ameninyamazia. Kijana gani ananyamaza mbele ya mzee?"

"Lakini ndiye aliyekuja nyumbani kwako?"

"Hapana!" Bibi alishangaa kama ameulizwa kama Salehe ni ng'ombe. "Yule wa cherehani simwoni hapa. Yule alikuwa na adabu, nilimweleza huyu askari. Uliniambia nimguse mtuhumiwa. Mimi huyu namtuhumu. Namtuhumu kukosa malezi."

Mkaguzi alimgeukia Salehe, kwa sababu fomu ina nafasi ya maneno ya mtuhumiwa pia. "Una la kusema?"

Salehe akamtazama Bibi. "Shikamoo bibi."

"Marahaba! Kumbe unajua. Mbona ulininyima?"

"Afande alikataza."

"Afande gani?"

Salehe hakutaka kusema. Wale wanane ndio waliogeuka, wote kwa pamoja, wakanitazama mimi. Hilo lilikuwa gwaride zuri kuliko lolote nililowahi kuona: watu wanane, mtuhumiwa mmoja, hakuna shaka hata kidogo. Bibi Hadija akavuka nyasi, taratibu, mpaka kwenye kona niliyosimama, akaniweka mkono kifuani.

"Basi ni huyu," akasema. "Andika."

Mkaguzi akaandika. Mtu yule aliandika kila kitu, na hakutabasamu hadi alipofika mwisho wa ukurasa. Kisha akaomba jalada, akasoma maelezo ya kwanza ya Bibi, yale niliyoyaandika kwa kinyongo: "Aliniamkia mlangoni. Akaniamkia tena nilipompa kikombe." Akaweka kidole hapo. "Ungeacha mstari huu," akaniambia, "ningekuwa na shahidi aliyemgusa mtu na maneno ya ajabu ya kizee. Ningeweza hata kuyapuuza. Lakini hapa, tangu siku ya kwanza, amesema mwizi wake ni mwenye adabu. Leo amegusa asiye na adabu. Hawezi kuwa mtu mmoja."

Mmeona, waandishi? Waliothubutu kuamkia ni wale ambao hawakuwa na la kuogopa. Wanane walivunja amri yangu kwa sababu walijua hawatafungwa. Aliyetii ni yule mmoja aliyekuwa na kila kitu cha kupoteza. Mimi, kachero, nilikuwa nimeisoma hofu kama hatia. Mtunzi akiliweka hilo kwenye hadithi, hahitaji risasi hata moja.

Mwizi tulimpata baadaye, kwa kazi ya kuchosha ambayo ndiyo kazi yenyewe. Nilizunguka magulio nikiuliza mafundi cherehani nani ameletewa kichwa kisicho na miguu. Fundi wa tatu alikuwa nacho. Kijana aliyekiuza alipoletwa kituoni alituamkia sote, zamu nzima, akamwamkia na mahabusu mmoja mzee kupitia nondo. Mndolwa akasema, "Andika hilo," nikaandika.

Lakini Ijumaa ile hatukuwa na mwizi. Tulikuwa na Salehe tu, na Mzee Shechambo amekuja kaunta.

"Kwa hiyo si mwizi."

"Hakuna ushahidi dhidi yake. Ameachiwa."

"Sijaelewa. Nipe barua. Iandikwe, 'Salehe si mwizi,' na mhuri."

Nikamtazama Mndolwa. Mndolwa akafungua kabati, akapitisha kidole kwenye makaratasi yote. Tuna fomu ya aliyepotelewa na mali. Tuna ya aliyeumizwa, na ya kukamatwa, na ya dhamana, na ya upekuzi. Akafunga kabati. "Mzee, hiyo hatuna. Serikali haijawahi kuhitaji fomu ya kusema mtu hakufanya kitu."

"Dada yangu haamini maneno yangu," alisema Shechambo. "Anasema nimeshaonja pilau kwa mawazo." Akavaa kofia, akatangulia kwenda zake.

Tulichoweza kumpa Salehe ni tenga lake. Kielelezo kikiwa hakihitajiki, mwenyewe hukisaini na kukichukua. Mapeasi yalichumwa magumu kama mawe, na wiki nzima stoo yalikuwa yameiva, harufu imejaa hadi kwenye makabati. Salehe akasaini. Nikamwambia, "Nitakusindikiza mpaka kwa wakwe, niseme kwa kinywa changu."

Tukaondoka. Nyumba ya kwanza tu, mwanamke akatoka uani, akamwita mwenzake: "Njoo uone, wamemkamata tena!" Ya pili, watoto wakatufuata. Kwenye kinu cha kusaga watu waliacha foleni. Kila hatua niliyopiga ya kumsafisha ilikuwa inamchafua. Kijana mwenye tenga mbele, askari nyuma: picha hiyo ina maana moja tu tangu polisi waumbwe.

Salehe akasimama. "Afande, unaniua."

"Nirudi?"

Akafikiri. Kisha akashusha tenga, akakunja sweta lake la bluu likawa kata ya kuwekea mzigo kichwani, akanikabidhi. "Beba wewe."

"Mimi?"

"Beba. Mimi nitatembea mbele, mikono mitupu."

Nilikuwa na sare, vijana. Nyota sikuwa nazo, lakini sare ilikuwa imepigwa pasi. Niliinama, akanitwisha. Tenga la mapeasi yaliyoiva linavuja. Maji matamu yalinishuka sikioni, yakaingia kwenye kola. Tulipita hivyo katikati ya gulio la wale wauza chumvi, Salehe mbele anawaamkia wazee mmoja mmoja bila kuruka mtu, mimi nyuma nimeshika tenga kwa mikono miwili, nyuki wananizunguka. Tulipowapita wauza viazi, nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, polepole kama anayepiga hesabu, "Polisi hambebei mwizi mzigo. Huyo kijana ni mtu mwingine kabisa."

Maneno hayo yalitutangulia. Tulipofika, mama yake Zuhura alikuwa ameshatoka uani na kaka yake, Mzee Shechambo, na nyuma yao kulikuwa na sufuria kubwa tatu zimefungwa kamba tayari kurudishwa. Nilikuwa nimejiandalia hotuba njia nzima, yenye neno "ushahidi" na neno "uchunguzi." Mama akanitazama, sare, jasho, nyuki. Akachukua peasi moja juu ya tenga, akalifuta kwa kanga, akauma.

"Yameiva," akasema. Kisha akamgeukia kaka yake. "Fungua kamba."